Mume Ndiyo, Pembe Hapana

Kabla chai haijamiminwa, nataka kusema. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sitarudia. Mnanijua: mimi ni yule mwenye mdomo, wa kiti cha karibu na mlango. Leo nimesimama, kwanza kwa heshima yenu, pili kwa sababu hivi viti vya watoto wa chekechea vimenimaliza magoti. Watu wazima, tunakaa kwenye darasa hili la Skuta kila Jumamosi tumekunjana kama panzi, halafu tunataka kuheshimiwa.

Sitataja jina la mtu. Ukisikia umeguswa, nyamaza tu, hakuna atakayejua ni wewe.

Wengi wenu mmesikia uvumi wa ruracio yangu, ile siku ya mahari. Ati nilikataa mume mbele ya wazee. Ati nilimmwagia mzee pombe kwa koti. Uongo mtupu. Kweli ni kwamba siku hiyo nilikuwa nataka vitu viwili, mume wangu na kiasi changu cha kutokunywa, na mila ya kwetu ikanishikisha pembe ya pombe ikaniambia nichague. Lakini siwezi kuanzia hapo. Hamtaelewa kwa nini pembe moja ya wazee iliniogopesha kuliko baa zote za Nyeri. Lazima nianze kwa guka.

Ndugu zangu, mimi nimelelewa Giakanja, kwenye kahawa. Guka, baba ya baba yangu, ndiye aliyekuwa anatengeneza muratina, pombe ya ukoo. Si kila siku. Ikiwa kuna ruracio, au kuna shauri la shamba la kumaliza, wanamwendea yeye. Matunda ya mti wa muratina aliyakausha juu ya mabati ya jikoni, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku. Yakishakauka ni mepesi kama sifongo. Anayaingiza kwenye kibuyu pamoja na maji ya miwa na asali, kibuyu kinawekwa karibu na meko, kinafunikwa blanketi kama mgonjwa. Na guka alikuwa anakitembelea. Nasema kukitembelea: anavuta kigoda, anaweka sikio, anasikiliza ikitokota yenyewe.

"Inaongea," ananiambia.

"Inasema nini, guka?"

"Inasema watoto waende kuteka maji."

Ile harufu nikiwaeleza nitaiharibu. Ni asali, ni moshi, na nyuma yake kuna uchungu kidogo, kama ganda la chungwa. Wazee wanafika na makoti mazito na kofia, wanatemea mate kifuani kubariki, wanamwaga tone chini kwa ajili ya waliotangulia, ndipo wanakunywa. Mtu hakuamka tu Jumanne akaitafuta; pombe ilikuwa na siku yake. Wakiondoka jioni wanaimba, na sisi tunawafuata hadi mpaka wa shamba, tunaiga wanavyotembea, guka anatuita turudi, na mlima kule juu umevua mawingu. Jameni. Nikifumba macho niko pale.

Msinielewe vibaya. Sisemi wazee wa zamani walikuwa malaika. Shosho, mke wa guka, alikuwa na pengo la jino, na akiulizwa alikuwa anasema alianguka kwenye ngazi. Nyumba yetu haikuwa na ngazi.

Basi. Nilimaliza kidato cha nne, gredi ya kutosha kupigiwa makofi kanisani lakini si ya kutosha kuitwa chuo. Nikaja mjini nikajifunza mashine ya kufuma. Mnajua sweta za shule. Nusu ya watoto mnaowaona asubuhi na hii baridi wamevaa mikono yangu. Kwenye kibanda nilichofumia nikapata marafiki wawili, mmoja msusi, mmoja wa mitumba. Jumamosi tukifunga tunaenda kula, na kula kukawa na kegi, bia ya pipa.

Na hapa nitasema kitu ambacho wahubiri hawapendi. Tulikuwa na raha! Mwezi wa saba, baridi inauma masikio, mlima umejifunika wiki nzima, na sisi watatu tumebanana kwenye meza ya kona, mug mezani, viazi vya kukaanga vinatoa moshi. Yule msusi akianza kuiga wateja wake mpaka mhudumu anaweka trei chini acheke. Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma Jumapili kanisani. Hadi leo nikipita ile baa nimebeba sweta za watu begani najikuta nimepunguza mwendo. Mtu asiniambie ile raha ilikuwa ya uongo. Nilikuwepo.

Kisha nikapata mtoto wangu. Baba mtoto akapata kazi kwao Sagana, gereji ya malori, akawa anarudi Jumapili tu. Msusi akaolewa mbali. Wa mitumba akahama. Kicheko kikaisha. Pombe ikabaki.

Sikuona tofauti, na hilo ndilo linanikasirisha mpaka leo. Ilikuwa ya meza ya watu watatu, ikawa ya mtu mmoja jikoni. Ikawa si kegi tena, ni zile chupa ndogo kali ambazo hazina ladha, zina kazi tu. Nilikuwa naificha ndani ya gunia la uzi. Ikawa asubuhi bila tone, vidole havikubali mashine. Siku moja mama mmoja akaja kibandani amemshika mtoto mkono, mtoto amevaa sweta niliyofuma.

"Fundi, hebu mwangalie. Mkono huu unafika kwa vidole, huu mwingine uko hapa kwa kiwiko. Huyu ni mtoto ama ni saa ya ukuta?"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Nilimtupia maneno mabaya yule mama, nikamwambia mtoto wake ndiye aliyepinda. Mtoto mdogo vile. Nikikutana naye leo nitampigia magoti.

Na kuna hili. Mwanamume wa huku akilewa, watasema amechoka, ameifanyia kazi. Wenzake watambeba nyumbani wakiimba. Mwanamke akilewa ni takataka, na takataka haibebwi na mtu. Nilikuwa najibeba mwenyewe, na mtoto mgongoni.

Aliyenivunja si mchungaji, si chifu. Ni watoto wa ploti, pale ninapopanga. Jumapili moja mchana wanacheza kalongolongo pale uani, wamepika ugali wa matope kwenye vifuniko. Nilikuwa naanua nguo. Nikasikia wanagawana: wewe baba, wewe mtoto, wewe mwenye duka. Na wangu, yule msichana wangu wa kimo hiki, akasema, "Mimi ni mama." Akalala chini. Akalala kabisa, mdomo wazi, mkono umetupwa hivi. Wale wengine wakaendelea kupika, wakamruka kama vile wanavyoruka mtaro.

Mmoja akauliza, "Tumwamshe akule?"

Wangu akajibu bila kufungua macho, "Hapana. Huyu haamkangi."

Jirani zangu walikuwa wamekaa ngazini. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka.

Kesho yake nilienda kazini nikiwa na hasira ya kuvunja mashine. Sasa, mkabala na kibanda changu kuna mama anauza viazi. Hapo alipo anajijua, asinikodolee macho. Alivuka barabara akasimama mlangoni na aproni yake ya matope.

"Mami," akaniambia, "hiyo chupa iko chini ya uzi wa kijani. Ya wiki jana ilikuwa kwa uzi wa maruni."

Nikamwambia, "Mama, chunga viazi yako."

"Nachunga. Na nimekunywa pia mimi, asubuhi hii. Ndio maana nimekuja. Jumamosi kuna mahali. Twende wawili, kwa sababu peke yangu nimefika kwa hiyo geti mara nyingi nikageuka."

Hakuniambia nimepotea. Hakunitolea mstari wa Biblia. Alitaka mtu wa kuingia naye. Nikaja.

Mnakumbuka vile nilikuja. Mkaniuliza, "Umekuja kuacha ama kupunguza?" Nikasema nimekuja kuwaangalia sura. Mkanipa chai. Nikasema chai ni nyepesi. Yule mzee wa mbuzi kutoka Nanyuki, anayesafiri mpaka huku kwa sababu kwao hawezi kuonekana na watu wa msikiti, akasema, "Binti, mimi nimepanda gari kuifuata chai hiyo. Kunywa unyamaze." Hapo ndipo nilicheka. Kicheko cha kwanza kisicho na kegi tangu wale marafiki waondoke.

Mna desturi moja hapa ambayo niliichukia: chai haimiminwi mpaka kila mtu aseme kitu chake kwa jina lake. Si "nilikuwa na changamoto". Si "niliteleza kidogo". Unasema: nilikunywa. Unasema: nilimpiga mtoto. Wengine wanangoja, chupa ya chai inapoa, hakuna anayekuhubiria. Mimi nilichagua kupunguza, na nikawapambia maneno Jumamosi nyingi, mkingoja tu na vikombe vyenu vitupu. Nilipunguza, nikaongeza, nikapunguza. Mwishowe nikajua mwenyewe kwamba kuna watu wanaoweza glasi moja, na mimi si mmoja wao. Wanaoweza, wapo hapa, nawaonea wivu, Mungu awabariki.

Saa yangu mbaya ilikuwa mvua ikinyesha mchana, wateja hakuna, mabati yanapiga kelele. Mvua ikianza tu, mama wa viazi anafunika magunia, anavuka, anakaa kwenye stuli yangu, ananikunjia uzi. Hatuongei sana. Kuna siku ilinyesha na hakuja. Nikavuka mimi. Nilimkuta nyuma ya magunia, amekunywa, analia, ananiambia niende nisimwone. Nilikaa kwenye matope nikamshika. Siku hiyo ndiyo nilijua sijakuja hapa kusaidiwa tu.

Sasa pembe.

Baba mtoto alisema amechoka kuitwa mgeni na mtoto wake mwenyewe. Analeta wazee kwa baba yangu. Nilifurahi, mtoto akashonewa gauni. Kisha nikakumbuka. Nyinyi wa makabila mengine mniwie radhi nieleze: kwetu wazee wa mwanamume wanakuja na njohi, pombe ya kumuulizia msichana. Msichana anaitwa mbele ya watu wote. Anapewa pembe ya ng'ombe imejaa. Anaulizwa tunywe au tusinywe. Akimtaka yule mwanamume, anaonja, anampa baba yake, na wazee wanakunywa. Akikataa pembe, amekataa mume. Wageni wanabeba vyao wanaenda.

Nikaenda kwa tata, dada ya baba, msimamizi wa kila kitu kwetu. "Tata, mimi siwezi kuonja."

"Kuonja si kunywa. Wewe gusisha mdomo tu."

"Mdomo wangu haujui kugusisha."

"Ni tone!"

"Tata, unajua vile nilikuwa."

Akafunga mlango. "Mimi najua. Baba yako anajua. Hao watu wa Sagana hawajui, na hawatajua. Unataka waseme tumewapa mlevi? Utakunywa hiyo kitu na utatabasamu."

Baba mtoto naye, anajua yote, lakini kwenye ruracio mwanamume anakaa kama picha, hana neno.

Nilileta jambo hili hapa. Mama wa viazi akauliza, "Wanahitaji mtu wa kusaidia kupakua uji?" Mlicheka. Alikuwa hatanii.

Siku ikafika. Hema nje, kahawa imechanua maua meupe. Wanawake wanapita na vibuyu vya uji uliochachuka, na mwenye kusema uji nao una kilevi anikute nje. Nikaitwa. Nikashikishwa pembe.

Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandaa kwa pombe. Kegi ningeitema. Zile chupa kali, harufu yake inanitapisha. Lakini hii alikuwa ameitengeneza baba mdogo, na kibuyu kilekile cha guka. Nikainamisha uso na utoto wangu wote ukaniingia puani. Asali. Moshi. Lile ganda la chungwa. Guka amekufa miaka na alikuwa ndani ya pembe, amevuta kigoda, ananiita. Machozi yakanitoka, wanawake wakadhani ni furaha, wakaanza "aririririri!" Mkono wangu ukaanza kuinuka. Sikuuinua mimi, nawaapia. Uliinuka.

Mzee wa kwetu akauliza, "Msichana, hii njohi tukunywe ama tusikunywe?"

Nikaona mama wa viazi. Alikuwa katikati ya hema na kibuyu. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Aliweka kibuyu chini, akasimama wima, akangoja. Vile mnavyongoja hapa.

Nikasema, "Mkunywe. Mimi sikunywi."

Wanawake wakakatiza vigelegele. Mzee wa Sagana akamgeukia mwenzake, "Hiyo ni ndio ama ni hapana?"

Na tata wangu, Mungu amweke, akaruka kwenye kiti. "Ako na mimba! Daktari amemkataza!"

Mngeona! Vigelegele! Wanawake wa Sagana wakainuka wakacheza. Mama mkwe akanishika tumbo. Baba mtoto ananitazama amefungua mdomo, anahesabu Jumapili. Na mimi nimesimama pale na pembe nimepewa kila kitu: mume, heshima, na hakuna kuonja. Ningetabasamu tu, ingekwisha.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Pembe niliikataa kwa shida. Lakini ule uongo ulikuwa mtamu kuliko pembe. Na niliujua. Ni ule ule niliokuwa nauficha chini ya uzi. Nikiuvaa leo, kesho nitahitaji mimba ya kweli au msiba wa uongo, na nikishaanza kujificha ndani ya nyumba ya watu, nitakunywa ndani ya hiyo nyumba.

Nikapaza sauti. "Sina mimba! Mimi ni mlevi. Nilikuwa nakunywa mpaka mtoto wangu akadhani kulala chini ndiyo kazi ya mama. Sasa sinywi, na sitaonja, hata ya guka. Lakini huyu mwanamume namtaka. Mkimbeba mkirudi naye, nitamfuata kwa miguu mpaka Sagana, na mbuzi zenu nitawasaidia kuchunga njiani!"

Mama mkwe akaondoa mkono tumboni. Mzee mmoja wa wageni akachukua kofia yake. Nikaona yameisha, na si aibu iliyonishika, ni hasira, kwamba kweli kidogo hivi inaweza kuvunja nyumba na chupa zote zile hazikuivunja.

Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Akainuka, akaja polepole, akanitoa pembe mkononi. Akamtazama yule mwenye kofia.

"Mila inamuuliza msichana kama sisi tunywe," akasema. "Amesema tunywe. Mila haijamuuliza kama yeye ana kiu."

Akamwaga tone chini, akanywa.

Yule mzee akaanza kuvaa kofia yake. Kisha mama mkwe wangu, yule aliyenishika tumbo, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Kaa chini, baba. Nyumba gani hapa haina mlevi wake? Tofauti ni kwamba huyu amesema." Mzee akakaa.

Basi nimeolewa, kama mnavyoona. Tata hajanisalimia hadi leo, anapita na upande ule mwingine wa kanisa. Mzee wa kofia ananiita "yule wa maneno". Sikudai watu wote wapige makofi.

Nashukuru baba yangu, ingawa hayupo hapa leo. Nashukuru mama mkwe. Nakushukuru wewe mzee wa Nanyuki kwa kunifunga mdomo siku ile, ni wachache wameweza. Nawashukuru wote mlioacha chai ipoe kwa ajili yangu.

Nilichojifunza ni hiki, na mwenye sikio achukue. Usikubali mtu akulazimishe kuchukia ulichopenda ndipo uachane nacho. Mimi nampenda guka, nazipenda zile Jumamosi za kegi na kicheko, na nitalia nikisikia harufu ya muratina mpaka nizikwe. Kulia nayo naweza. Kunywa siwezi. Hayo ni mambo mawili, na nilipoteza muda mwingi nikidhani ni moja. Na sherehe ikija, harusi, mazishi, chochote chenye kikombe cha heshima, usiende peke yako kujaribu nguvu. Sema hapa. Twende wawili.

Mama wa viazi, najua Jumamosi ijayo unamwoza kijana wako, na najua ndugu zako wameshanunua kreti za bia. Umelisema hapa kwa sauti ndogo wiki jana ukidhani sikusikia. Nitafika asubuhi. Nitapakua uji. Wakikuletea glasi wakikwambia mama ya bwana harusi lazima agonganishe, nitaweka kibuyu chini nisimame pale utakapoweza kuniona. Wewe ulinyamaza siku yangu, ni tabia yako njema. Mimi sikuahidi kunyamaza.

Haya, mimineni.